Sura ya Saba: Nyasi Zilizotupwa Upande wa Moto

Jivu lina adabu kuliko watu. Halidanganyi mpaka mtu alichokore. Inspekta Surjamani Jamatia alilijua hilo tangu utotoni, ndiyo maana alipofika juu ya kilima cha Tuisama asubuhi ile hakusalimiana na mtu kabla ya kuchuchumaa pembeni ya mahali ilipokuwa nyumba ya Chaudhuri Bhagyarai, kiongozi wa Wabru wa makazi yale mapya. Nguzo za mianzi, zilizoiinua nyumba juu ya ardhi, zilibaki vigutu vyeusi. Mafiga ya jikoni, yaliyokuwa juu sakafuni, yalikuwa yameanguka chini pamoja na udongo wake, na jivu lilikuwa limelala juu ya kila kitu kama unga uliomwagika.

"Afande, ukizidi kuchuchumaa hapo kuku watakutagia mgongoni," sauti ya mwanamke ilisema.

Alikuwa Sobharung, mjane wa nyumba ya pili, kiko mdomoni, mikono kiunoni. Nyumba yake ilikuwa karibu kiasi kwamba mtu angeweza kumpa jirani chumvi bila kushuka ngazi. Haikuwa na hata alama ya moshi.

"Wakitaga, mayai ni yako, mama," alisema Surjamani bila kuinua kichwa. "Nitai, njoo hapa. Unaona nini?"

Konstebo Nitai Shil, mtu wa bondeni, alisogea akiwa ameshika kofia. Hakupenda kilima hiki na hakupenda jinsi wanaume walivyokuwa wakinoa mapanga mbele za nyumba zao bila kuficha.

"Majivu, afande."

"Na chini ya majivu?"

"Udongo. Mtu ameukwangua."

"Nani?"

"Si hawa waliokuja kuzima moto? Wamelima kinga usisambae."

Sobharung alitoa kiko. "Tulizima nini, mwanangu? Ilikuwa siku ya mgao wa mchele. Kilima kizima tulikuwa chini barabarani, tunasukumana kwenye foleni. Tulipouona moshi na kupanda, nyumba ilikuwa imeshalala. Tulichozima ni macho yetu."

Hiyo ilikuwa juzi. Ndani ya ile nyumba walimkuta Tongkarai, kaka mkubwa wa mke wa Chaudhuri, mzee kiziwi aliyekuwa akilala hapo. Daktari wa hospitali ya mji alikuta masizi kooni mwake: alikuwa hai moto ulipoanza. Hakuwa na jeraha, hakufungwa kamba, na ngazi ya nyumba haikuondolewa. Mtu mwenye masikio angetoka.

Jioni ya siku ileile polisi walimkamata Poltu Nath, kijana wa Nathpara, kijiji cha Wabengali kilichoko mguuni mwa kilima. Alionekana akikimbia njiani na dumu mkononi. Nathpara hawakuwahi kuwataka Wabru. Tangu malori ya kwanza yalipowatoa kambi ya wakimbizi na kuwamwaga Tuisama, mawe yalikuwa yakirushwa kwenye mapaa, na bomba la maji lilikatwa. Wabru wenyewe walikuwa watu waliofukuzwa jimbo la Mizoram vijiji vyao vikiungua, wakazeeka kambini, wakazaa na kuzika kambini. Sasa jimbo jirani la Tripura lilikuwa limewapa kilima. Familia zilizobaki zingeletwa kesho. Lakini mkuu wa wilaya alikuwa amemwambia Surjamani kwenye redio ya polisi kwa maneno mafupi: ikimwagika damu, malori hayawashwi, na hao waliokwisha kuletwa nao watarudishwa kambini.

Na leo mchana mwili wa Tongkarai ungechomwa kijitoni, kama desturi yao ya mazishi. Wanaume walikuwa wamesema wazi: wakimaliza kumchoma maiti wao, wanashuka Nathpara.

Surjamani alipitisha kiganja juu ya ule ukanda wa udongo mtupu. Ulikuwa umezunguka nyumba pande zote, mpana kuliko mtu anavyoweza kuruka, na mizizi ya nyasi ilikuwa imekatwa safi. Jivu lilikuwa juu ya udongo, si chini yake. Kwa hiyo ukanda ulikuwapo kabla ya moto. Kisha akatazama nyasi zenyewe. Zote zilizokwanguliwa zilikuwa upande wa ndani, zimeungua, zimeegemea vigutu vya nguzo.

"Nitai, nyumba inaungua mbele yako. Una jembe. Nyasi unazokwangua unazitupa wapi?"

"Nyuma yangu, afande. Mbali na moto."

"Huyu alizitupa ndani."

Nitai alitazama, akakuna shingo. "Basi alikuwa anaulisha moto."

"Alikuwa anaulisha na wakati huohuo anaufunga. Vijana waliokuja kukichoma kilima wangehangaika hivyo?" Surjamani alisimama, magoti yakalia. Akauelekea upande wa Sobharung, akagusa kwa kiatu mashina ya migomba, mabichi bado, yenye maji yasiyoshika moto, yaliyolazwa kwa mstari kati ya nyumba mbili. "Mama, haya ulilaza wewe?"

"Niliyakuta. Nikasema Mungu ananipenda."

"Na migomba ilikatwa wapi?"

Sobharung alionyesha kwa kidevu. Vishina vilikuwa nyuma ya choo cha Chaudhuri. Kisha akarudisha kiko mdomoni haraka, kama mtu aliyeacha mlango wazi na sasa anaurudishia.

"Karibu chai," alisema.

Ndani kwake kulikuwa na giza zuri la nyumba ya mianzi. Alimwaga chai nyeusi kwenye vikombe vya bati, akaweka na viazi vikuu vya kuchemsha. Surjamani alikula akitazama juu ya jiko. Vibuyu vya mbegu vilining'inia pale, kama vinavyoning'inia juu ya kila jiko la watu wa mlimani, vipate moshi, wadudu wasiviguse. Vichache vilikuwa vimefungwa kwa ukindu mkuukuu, mweusi wa masizi. Vingine, vingi zaidi, navyo vilikuwa vyeusi na vinang'aa kwa miaka mingi ya moshi, lakini kamba zake zilikuwa mpya, nyeupe.

"Unalima sana, mama."

"Mimi? Kauwanja walikonipa hakatoshi kuzika paka. Vile vya kamba mpya ni vya Mantirung, mke wa Chaudhuri."

"Vizuri vimepona."

"Mbegu za mama mkwe wake zile. Walipofukuzwa Mizoram, Mantirung aliacha sufuria, akaacha nguruwe, akabeba hizo. Kila mwaka kambini walikuwa wakiiba kipande cha msitu wapande kidogo, zisife. Mpunga wa mlimani, ulezi, ufuta, pamba. Mle ndani kuna bibi zetu wote."

"Alizileta kwako lini?"

"Siku ya mgao, asubuhi. Alisema mumewe anabadili paa, hataki vumbi liziingie."

Surjamani alimenya kiazi kwa uangalifu. "Mama, nimezaliwa kwenye vilima vya kusini. Kwetu mbegu haziondoki juu ya jiko mpaka siku ya kupanda, hata kama bibi harusi anaingia, hata kama maiti inatoka. Kwenu ni tofauti?"

Sobharung aligonga kiko chake kwenye figa.

"Na nyasi za hilo paa jipya ziko wapi? Nimezunguka uwanja wote, sijaona hata mzigo mmoja uliokatwa."

Mjane alikisogeza kikombe cha afande karibu na goti lake. Nje, ngoma ilianza kulia kutoka kijitoni, polepole, kama mtu anayepiga mlango wa nyumba asiyotaka kuamsha watu wake.

"Kunywa chai, afande," alisema mwishowe. "Inapoa."

*

Nathpara walikuwa wamelaza gogo katikati ya barabara. Nyuma ya gogo walikaa wanaume na fimbo na mikuki ya kuvulia samaki, na mbele yao alisimama Haripada Nath, baba yake Poltu, shati limefungwa vifungo vibaya. Gari la polisi lilipita pembeni kwa shida, gurudumu moja mtaroni.

"Afande, wanashuka?" Haripada aliuliza.

"Bado wanaomboleza."

"Na sisi tunaomboleza mapema. Mwanangu hajaua mtu."

"Mwanao anajua kusema mwenyewe. Ngoja nimsikie."

Poltu alikuwa kwenye chumba cha nyuma cha kituo kidogo cha polisi, miguu peku, jicho moja limevimba. Nitai alimsukumia kigoda. Surjamani alibaki amesimama.

"Dumu lilikuwa na nini?"

"Dizeli. Ya pampu ya bwawa letu la samaki. Muulizeni mwenye duka."

"Tumemuuliza. Dizeli ulinunua. Lakini bwawa liko huku chini, na wewe ulionekana ukitokea juu. Ulikuwa unavua samaki kilimani?"

Nitai alicheka. Poltu hakucheka.

"Nikikwambia, baba ataniua."

"Usiponiambia, serikali itamsaidia."

Kijana alimeza mate. "Nilipanda kwenye tangi lao. Nilijua wote wako kwenye mgao. Nilitaka kulikata bomba tena."

"Tena. Kwa hiyo la kwanza ni wewe."

"Ni mimi."

"Na mawe?"

"Mawe ni wote. Hata mwalimu."

"Ulilikata bomba juzi?"

"Sikufika kulikata. Nilisikia mtu anapiga kelele, nikajua nimeonekana, nikakimbia. Ndipo moshi ukatoka nyuma yangu."

"Alikuwa anasema nini?"

"Sijui lugha yao."

"Lugha huijui, lakini masikio unayo. Igiza."

Poltu alimtazama Nitai, kisha dirisha. Akaona aibu. "Siwezi, afande."

"Umerusha mawe kwenye mapaa ya watoto, hukuona aibu. Igiza."

Kijana alifumba macho, akavuta pumzi, akaita. Sauti ilianza chini, ikavutwa ndefu, ikapanda mwishoni kama swali. Akarudia kwa sauti nyingine, ya juu zaidi. Kisha akapiga ulimi kwenye kaakaa, mlio wa mtu anayeamsha kuku.

"Anafukuza mbwa huyo," Nitai alisema akitabasamu.

Surjamani alikuwa amekwisha kuvaa kofia.

"Poltu, hiyo umejifunza wapi?"

"Sijajifunza. Nimeisikia siku hiyo tu. Ilinitisha."

"Ilikuwa sauti ya kijana?"

"Ya mzee. Ilikuwa inatetemeka."

Garini Nitai aliwasha injini, akasubiri. Alipoona bosi wake hasemi, akauliza, "Tunakwenda wapi?"

"Kijitoni. Ile si ya mbwa, Nitai. Ile ni sauti ya mtu anayetaka kuchoma shamba. Watu wa mlimani hawatii moto kabla ya kuwaambia viumbe watoke. Mtoto wa Nathpara hawezi kuitunga, na mchomaji wa Nathpara hawezi kuijua."

"Basi aliyechoma ni Mbru."

"Ni Mbru aliyefyeka kinga ili jirani asiungue, akatoa mbegu ili zisiungue, akaita ili hata mjusi asiungue."

"Na akamchoma shemeji yake."

Surjamani alitazama nje ya dirisha. "Endesha," alisema.

*

Kuni zilikuwa zimepangwa kando ya maji. Maiti ilikuwa juu yake, imefunikwa shuka nyeupe, na wanawake walikuwa wameketi upande wa chini wa kijito. Wanaume walikuwa upande wa njia. Kila mmoja alikuwa na panga, na hakuna aliyekuwa na kazi ya panga.

Philip Apeto, kiongozi wa vijana, mtu mwenye kifua kipana na maneno mepesi, alimzuia Surjamani kwa tabasamu. "Umechelewa, afande. Mwenzetu tunamchoma mara ya pili. Ya kwanza tulisaidiwa."

"Nimekuja kwa Chaudhuri."

"Chaudhuri ana msiba."

"Najua. Ndiyo maana nitamuomba, sitamuita."

Chaudhuri Bhagyarai alikuwa amesikia. Alikuja mwenyewe, mzee mwembamba, nywele zimekatwa karibu na ngozi, kope za jicho moja zimeungua. Surjamani aliziona kope zile kwa mara ya kwanza. Walitembea mpaka nyuma ya tangi la maji, ngoma ikabaki nyuma yao.

"Pole, mzee."

"Imefika."

"Wakati wa kupanda umekaribia. Kwetu babu yangu alikuwa akiita kabla ya kutia moto shambani. Ninyi je?"

"Kila mtu wa mlimani huita."

"Ninyi mnasemaje?"

Mzee alitazama bomba lililounganishwa kwa mpira wa baiskeli. "Unajua tunavyosema."

"Nataka kusikia kwako."

Bhagyarai alisema kwa sauti ndogo, kama anayemsomea mtoto: "Wa miguu shukeni. Wa mabawa rukeni. Wa matumbo ingieni mashimoni. Ninachochoma ni shamba, si ninyi."

"Juzi uliita hivyo."

"Nani amesema?"

"Poltu ameniigizia. Hajui alichosikia. Mimi najua. Na nyasi za kinga ulizitupa ndani, kwa mazoea ya kuchoma shamba. Na mbegu ziko kwa Sobharung. Mtaalamu wa mjini akija hapa na vipimo vyake hatagundua kitu, mzee, lakini mtu yeyote aliyewahi kulima mlimani akiuona ule uwanja atajua kwamba aliyechoma alikuwa mkulima mwangalifu."

Bhagyarai alikaa chini. Hakuanguka, alikaa kama mtu aliyefika.

"Mawe yalipopigwa nilikwenda kituoni," alisema. "Bomba lilipokatwa nikaenda. Watoto wa shule walipozuiwa njia nikaenda. Kila nilipokwenda nilipewa kiti. Kiti, afande. Mara ya mwisho na chai. Nikasema labda wanasubiri moto. Huko Mizoram askari walikuja baada ya moto, na kambini walikuja baada ya moto. Nikasema basi niwape moto. Nyumba yangu mwenyewe, si ya mtu. Wangeleta walinzi kabla wale wengine wa malori hawajafika. Wangelala salama."

"Tongkarai alikuwa wapi?"

"Alishuka na wote. Nilimwona kwa macho yangu anashuka na gunia lake. Alikuwa na homa kidogo. Lazima alirudi njia ya kijitoni akapanda kulala. Sikuchungulia ndani." Alifuta uso. "Niliita. Nikangoja. Nikaita tena. Hakuna kilichotoka, nikasema hakuna mtu."

"Poltu ulimtaja wewe?"

"Sikumtaja. Mlimkamata wenyewe."

"Hukumtaja. Hukumtetea pia."

Mzee alikubali kwa kichwa. Kisha akainua macho, na sasa yalikuwa makali. "Nifunge pingu, uone. Kesho Tripura nzima itasema Wabru wanajichoma wenyewe wapate huruma. Malori hayaji. Mke wangu ana dada yake kule kambini. Philip ana watoto wake kule. Niwaweke hao wote mizani moja na kijana mkata mabomba?"

"Usiposema, ngoma ikinyamaza hawa wanashuka. Nathpara wanawangoja nyuma ya gogo. Malori hayaji pia, mzee. Tofauti ni hesabu ya maiti tu."

"Sema wewe."

"Nikisema mimi, Philip atasema nimekula samaki wa Nathpara. Nani hapa atamsadiki polisi? Ningekuwa mimi nisingesadiki." Surjamani alichuchumaa mbele yake. "Sikufungi pingu hapa. Ila nakuambia, ukinyamaza, hapo njiani nitasimama mimi na Nitai, na Nitai hajui hata kupiga bunduki."

Ngoma ilikuwa bado inalia. Ilipigwa, ikapigwa, ikakoma. Moshi ukaanza kupanda kutoka kijitoni.

Wanaume walipoanza kusogea njiani, walimkuta Bhagyarai amesimama katikati. Surjamani alikuwa hatua chache nyuma yake, mikono mitupu. Nitai alikuwa nyuma zaidi, anatokwa jasho.

"Baba mdogo, tupishe," Philip alisema kwa heshima. "Au twende wote. Ukitaka mbele, mbele ni kwako."

"Hakuna pa kwenda. Nyumba niliichoma mimi."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akaona hakuna anayemfuata.

"Mzee amevuta moshi mwingi," Philip alisema. "Mkalisheni mahali."

"Nilifyeka kinga. Nililaza migomba upande wa Sobharung. Nilitia moto kutoka juu, kama shamba. Nilitaka walinzi waje. Tongkarai nilimuua mimi, na yule mtoto wa Nath hakufika uwanjani kwangu."

Philip aliutazama uso wake, na kope zile. Tabasamu likamtoka polepole. "Hapana," alisema. "Usiseme hivyo. Wanangu wako kambini, baba mdogo. Umelijua hilo ulipoanza kusema?"

"Nililijua."

"Basi rudisha maneno yako." Panga lilikuwa limeinuka kidogo, si kumwelekea mtu, limeinuka tu. "Sisi tutasema hatukusikia. Afande yuko peke yake hapa."

Surjamani hakusogea. Nitai aliita jina la mungu wake kwa kunong'ona.

Wanaume waligawanyika katikati, na Mantirung akapita. Nguo yake ilikuwa imelowa maji ya kijito mpaka magotini, masizi ya kuni za kaka yake yakiwa mikononi. Alisimama mbele ya mumewe. Alikuwa amesikia yote.

"Uliita?" aliuliza.

"Niliita."

"Ukamwita kwa mdomo?"

Mkono wa Bhagyarai uliinuka nusu, kama unaotafuta bega, ukashuka.

"Tangu tukiwa Mizoram," Mantirung alisema, "akiitwa kula, wewe ndiye uliyekuwa ukimgusa bega. Watoto walisahau, mimi nilisahau, wewe hukusahau hata siku moja." Aliangalia mikono yake. "Siku ya moto ndiyo ukasahau."

Hakulia. Alimgeukia Philip, akanyoosha mkono, na Philip akampa panga, bila kujua kwa nini, kama mtoto anavyompa mama kisu.

"Mpelekeni," alisema. "Mimi nina maiti haijaisha kuungua." Akarudi kijitoni na panga la mtu mkononi, na wanawake wakamfungulia njia.

*

Bhagyarai alikataa gari. Alisema kama ni kupita Nathpara, apite watu wakimwona. Surjamani alimfunga pingu kwa mbele, wakashuka kwa miguu. Nyuma yao wakaja Philip na baadhi ya wanaume. Hakuna aliyewaita. Mapanga yalikuwa yamebaki juu, yamerundikwa chini ya tangi, na Sobharung amekaa juu ya rundo akivuta kiko.

Kwenye gogo fimbo ziliinuka. Kisha watu wa Nathpara wakaona pingu, wakaona ni nani.

"Ni wewe?" Haripada aliuliza.

"Ni mimi. Mwanao alikata bomba tu."

Haripada alipigana na vifungo vya shati lake. "Bomba," alisema. "Bomba tutalitengeneza."

"Lile la kwanza pia," Philip alisema nyuma. "Na paa la shangazi yangu."

"Na paa, bwana. Nimesema."

"Hukusema paa."

"Sasa nimesema."

Redio ya Surjamani ilikwaruza. Alisogea pembeni, akamweleza mkuu wa wilaya kwa maneno machache, bila kupamba na bila kuficha jina la mchomaji.

"Kwa hiyo wamejichoma wenyewe," mkuu alisema.

"Mtu mmoja amechoma nyumba yake kwa sababu alikuja kituoni kwetu tukampa kiti. Hilo nitaliandika pia, mheshimiwa. Ulisema ikimwagika damu. Damu haijamwagika."

"Mtu amekufa."

"Kabla hujasema."

"Barabara iko wazi?"

Surjamani alilitazama gogo.

"Iko wazi," alisema.

"Malori yatatoka alfajiri. Dereva akikuta hata jiwe moja njiani, anageuza."

Alifunga redio, akarudi. Watu wa pande mbili walikuwa bado wamesimama, gogo katikati yao, kila upande ukingoja mwingine uondoke kwanza.

"Malori yanakuja alfajiri," Surjamani alisema. "Na nimemdanganya mkubwa wangu kwamba hapa hakuna gogo."

Bhagyarai, mikono imefungwa, aliinama akaweka bega lake jembamba kwenye mti ule, akasukuma. Haukutikisika. Akasukuma tena. Haripada alimtazama, akatema mate pembeni, kisha akainama naye upande wake, akasema, "Si hivyo, mzee, utavunjika. Lisukume kutoka huku, kwenye mteremko." Philip akavua viatu. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, wakikanyagana, mtu akimtukana mwenzake kwa lugha ambayo mwenzake haijui, mpaka gogo likanguruma na kubingirika mtaroni.